Wamenipokea kama ndugu yao. Je, niandikishwe kanisani kwao?

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Peramiho, mkoani Ruvuma. Kwetu ukisema unakwenda kanisani hakuna anayekuuliza lipi. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata Komunio ya Kwanza na Kipaimara palepale, na padre aliyemzika baba yangu ndiye aliyefungisha ndoa yangu. Mama ni kiongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kigangoni hadi leo.

Januari mwaka jana nilihamishiwa kikazi Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mume wangu ni dereva wa malori yanayokwenda Lubumbashi. Nyumbani anakaa siku chache kwa mwezi, na miezi mingine haonekani kabisa. Mtoto wetu mkubwa ana miaka 9, tulimwacha kwa bibi yake Songea amalize mafundisho ya Komunio. Kwa hiyo nilifika ugenini peke yangu, na haukupita muda nikashika mimba.

Parokia ipo, ila kutoka ninapoishi ni mpaka upande bodaboda. Mwanzoni nilikuwa nakwenda. Kanisa ni kubwa, watu ni wengi, Misa ikiisha kila mtu anashika njia yake. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma, natoka, narudi nyumbani sijasalimiana na mtu. Mimba ilipokuwa kubwa bodaboda ikanishinda. Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Njoo usharikani kwetu, ni hapa chini tu." Ni kanisa la KKKT, yaani la Kilutheri.

Jumapili ile ya kwanza wageni tuliombwa tusimame, tukaimbiwa. Ibada ilipoisha watu walibaki nje kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Mzee mmoja ambaye sikumfahamu alinunua mkungu wa ndizi kwa bei kubwa, kisha akasema, "Huu ni wa mwalimu mgeni." Nililia mbele za watu.

Novemba nilijifungua kwa upasuaji. Mama hakuweza kuja kwa sababu mjukuu yuko kwake na shule ilikuwa haijafungwa. Akina mama wa jumuiya, wale wa KKKT, ndio waliokuja. Walipangana zamu. Mmoja analeta mtori kwenye hotipoti, mwingine anafua nguo za mtoto, na kuna mama mmoja mtu mzima aliyelala kwangu mpaka nilipoweza kuinuka mwenyewe. Dada, hata shangazi zangu sijui kama wangefanya vile.

Tangu hapo ibada haikunipita. Nasoma Biblia kuliko wakati wowote maishani mwangu, na mahubiri yananiingia. Sasa mzee wa kanisa wa mtaa wetu amekuja nyumbani, kwa upole kabisa, akaniambia darasa la kuwapokea washarika wapya linaanza Agosti na ubatizo wa watoto utakuwa Septemba. Alisema, "Mwanetu, wewe ni wa kwetu tayari, limebaki jina tu kwenye kitabu." Mtoto wangu hajabatizwa mpaka leo.

Nilimpigia mama simu kumweleza. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa ukifa nani atakuzika?" na simu ikakatika. Tangu siku hiyo tunaongea habari za mjukuu tu. Mume wangu naye anasema, "Fanya unavyoona, mimi niko barabarani."

Mimi mwenyewe sijielewi. Wakati wa Chakula cha Bwana nabaki kwenye benchi nimempakata mtoto, wenzangu wote wanakwenda mbele. Mtoto akishikwa na homa usiku najikuta nimeshika rozari, na akina mama wakija naificha kwenye droo. Kila Novemba natuma hela nyumbani kwa ajili ya Misa ya marehemu baba. Hapohapo naona nikikataa kuandikishwa nitakuwa nimekula ukarimu wao bure, na sijui nitawatazamaje usoni. Kule parokiani hakuna hata mmoja anayejua kwamba nilijifungua.

Niandikishwe? Na mtoto abatizwe wapi?

Mgeni Aliyezoea, Hai

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mtoto.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikirudia naona ndani yake maswali matatu uliyoyafunga pamoja. La kwanza ni la shukrani: hawa watu nitawalipa nini? La pili ni la imani: ninaamini nini, na ninataka kumwabudu Mungu kwa namna ipi? La tatu ni la ukoo: nikihama, nitabaki mtoto wa mama yangu? Mzee wa kanisa alipokuja na tarehe za Agosti na Septemba, ilionekana kama yote matatu yanadai jibu moja. Tuyafungue kwanza.

Tuanze na deni, maana ndilo naona linakukaba. Unasema usipoandikishwa utakuwa umekula ukarimu bure. Nani amesema hivyo? Katika barua yako yote sikumkuta. Yule mzee alinunua mkungu wa ndizi Jumapili ya kwanza, hajui jina lako wala kama utarudi Jumapili inayofuata. Mama aliyelala kwako alikuta mwanamke ana mshono na kichanga, mume yuko safarini na mama mzazi yuko mkoa mwingine. Huko Kilimanjaro mzazi hupelekewa mtori. Ni desturi iliyo ya wote, Mkatoliki na Mlutheri. Naamini walikuja kwa upendo wa Kikristo, na kwa sababu hiyohiyo sidhani kama kuna daftari waliloandika kwamba mwalimu anadaiwa. Ningependa uende kwa huyo mama mtu mzima, siku mmekaa wawili tu, umweleze unachoniambia mimi. Mwambie kuhusu benchi. Ukipata moyo, mwambie hata kuhusu droo. Jibu lake litakufundisha kuhusu jumuiya ile kuliko darasa lolote. Akikukumbatia ukiwa hujaamua, utajua ulichopokea kilikuwa zawadi. Akipoa, utaumia, sitakuficha, lakini ni afadhali uumie kabla jina halijaingia kitabuni.

Na kuandikishwa kwenyewe kukoje? Kwa kawaida utapeleka cheti chako cha ubatizo, utakaa kwenye mafundisho, kisha utasimamishwa mbele ya usharika upokelewe. Hutabatizwa upya, kwa sababu KKKT inautambua ubatizo wako wa Peramiho. Baada ya hapo utakuwa msharika mwenye bahasha yenye namba, ahadi ya mwaka, michango ya jengo, zamu za usafi, na bila shaka kwa kuwa u mwalimu utaombwa kufundisha watoto Jumapili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe hilo ni la heshima. Hata hivyo utakutana pia na mambo ambayo mgeni haonyeshwi: kwaya zinazovutana, kikao cha fedha kinachoisha watu wamenuna, mzee asiyeelewana na mwinjilisti. Hakuna usharika wala parokia isiyo na hayo. Jiulize kama unachokipenda pale kitabaki kukupendeza siku hakuna anayekuimbia.

Sasa parokiani. Hapa nakuuliza kwa upole, usidhani nakulaumu. Ulipohamia Hai, ulipeleka barua ya utambulisho kutoka parokia yenu ya Songea? Ulimtafuta mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wako? Nauliza kwa sababu katika Kanisa Katoliki la nchi hizi mtu hafahamiki kwa kuhudhuria Misa ya Jumapili. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliziweka jumuiya ndogo ndogo mbele katika kazi ya uchungaji tangu miaka ya 1970, na mpaka leo ndiko watu wanakojuana: anayeumwa, aliyejifungua, aliyefiwa. Ukitaka ubatizo, ndoa au mazishi utaulizwa jumuiya yako ni ipi. Wewe ulikaa benchi la nyuma la kanisa kubwa, ukatoka. Kule chini ulipokelewa na jumuiya. Kwa hiyo umelinganisha jumuiya ya nyumba kwa nyumba na umati wa Jumapili, na ulinganisho huo hauko sawa kwa parokia.

Lakini nisiwatetee kupita kiasi. Mama mjamzito anayekaa peke yake kila Jumapili alipaswa kuonwa na mtu, barua au bila barua. Yule jirani yake wa benchi angeweza kumuuliza tu, "Mama, unaishi wapi?" Kama hilo ndilo lililokuumiza, una haki ya kuumia, na ningefurahi kama mwenyekiti yeyote wa jumuiya anayesoma safu hii angetazama benchi lake la nyuma Jumapili ijayo.

Twende kwenye imani, ambako wewe umepita haraka. Rozari umeiandikia sentensi moja. Misa ya marehemu baba nayo sentensi moja. Mkungu wa ndizi umeupa aya nzima. Nimejiuliza kama unaogopa kuvitazama vile viwili vya kwanza. Mtoto anapowaka homa saa nane za usiku mtu hachagui sala ya kuwapendeza watu. Inatoka ile iliyomo ndani. Kwa Walutheri huombi kwa maombezi ya Bikira Maria, na ibada ya kuwaombea marehemu kwa namna ya Misa ile ya Novemba haipo. Sisemi ni kasoro. Wao wana sababu zao, wamezifikiria kwa karne tano, na mchungaji akikueleza utaona zina uzito. Ila ni lazima ujue kwamba ukivuka, hivyo ndivyo utakavyoviacha ng'ambo, au utaendelea kuvificha. Kuishi na droo iliyofungwa kwa miaka kunachosha roho.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Unasema unasoma Biblia kuliko wakati wowote na mahubiri yanakuingia. Hilo usilidharau kwa kusema ni upweke tu uliokusukuma. Upweke unaweza kukufikisha mlangoni, kisha ndani ukakutana na Mungu kwelikweli. Watu wengi waliohama dhehebu hawakuanza kwa kusoma katekisimu. Walianza kwa kushikwa mkono na mtu. Swali la kujipima ni hili: kesho ukihamishiwa Sumbawanga au Mtwara, usiwe na mwalimu mwenzako wala yule mama, Jumapili ya kwanza utatafuta kanisa lipi? Usinijibu mimi. Lijibu ukiwa peke yako, na usione haya kama jibu litachukua muda.

Kuhusu mama yako. Umesikia kauli yake kama hukumu. Mimi nimeisikia kama woga. Katika vijiji vyetu vingi, Mkatoliki aliyeacha jumuiya akifariki huwa kuna maneno: aletwe kanisani au asiletwe, padre aje au katekista, wanawake wavae sare au wasivae. Mama yako amekaa WAWATA miaka mingi, bila shaka ameona jeneza likizungumziwa hivyo. Amekufikiria wewe mkoa wa mbali, akaona mazishi asiyoyajua taratibu zake. Pengine kuna aibu pia mbele ya wenzake, na kuna uchungu kwamba ulipojifungua wanawake wengine walifanya kazi ambayo yeye aliitamani. Umemwambia kuhusu mtori? Umemwambia nani alilala kwako? Kama alichosikia kwenye simu ni "nataka kuandikishwa KKKT" bila hadithi iliyotangulia, alisikia mwisho bila mwanzo.

Kuna jambo moja linalonisaidia kila ninapoombwa ushauri wa namna hii. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walijenga misheni Peramiho mwaka 1898. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Bibi yako alikuwa Mkatoliki kwa sababu wale ndio waliofika bondeni kwenu, na bibi wa yule mama wa mtori alikuwa Mlutheri kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili waliipokea imani wakaishi nayo kwa uaminifu, wala sipunguzi chochote katika imani yao. Wewe huenda ndiye wa kwanza katika ukoo wenu kukaa mbele ya milango miwili na kuulizwa unapitia upi. Hakuna aliyekufundisha namna ya kuamua, ndiyo maana ni kuzito.

Na mtoto. Hapa nitasema wazi kinachojulikana ili hofu ipungue. Makanisa haya mawili yanabatiza kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kila moja linautambua ubatizo wa lingine. Mtoto wako akibatizwa usharikani, kisha siku moja mkarudi parokiani, hatabatizwa tena, na vivyo hivyo kinyume chake. Mwaka 1999 huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu fundisho la kuhesabiwa haki, yaani namna mwanadamu anavyokubaliwa na Mungu, jambo lililowagawa tangu enzi za Martin Luther. Bado hawashiriki meza moja, lakini hawatazamani kama wapagani. Mama yako huenda hajaambiwa haya, na yanaweza kumtuliza kidogo.

Kinachotofautiana ni ahadi mtakayoitoa wazazi. Parokiani mtaahidi kumlea katika Ukatoliki. Usharikani mtaahidi kumlea katika imani ya kanisa lile mpaka afike darasa la kipaimara. Ahadi hiyo si vizuri itolewe na mzazi mmoja huku mwenzake yuko barabarani. Na yupo kaka yake Songea anayejiandaa kwa Komunio. Ukiwa umeshapokelewa KKKT, siku ile mtoto wako anakwenda mbele kupokea kwa mara ya kwanza, wewe kwa taratibu za Kanisa Katoliki hutapokea pamoja naye. Utakaa kwenye benchi, kama unavyokaa sasa usharikani. Baadaye akija Hai, mtakuwa mnatokaje nyumbani Jumapili asubuhi? Familia nyingi zinaishi hivyo na zinapendana. Nyingine zimeishia watoto kutokwenda popote.

Njia unazo, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuingia darasa la Agosti kwa nia ya kujifunza, ukimwambia mchungaji mapema kwamba hujaamua. Wachungaji wengi wanalipokea hilo vizuri, ila darasa lina mkondo wake, na ukiwa ndani na wenzako ni vigumu kusimama njiani. Unaweza kubaki Mkatoliki, ukatafuta jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wako, na bado ukaenda kwa akina mama wako siku za maombi, misiba na furaha. Huko utaanza upya kujitambulisha, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba jumuiya mpya itakuwa na joto kama ile. Unaweza pia kungoja. Kungoja nako kuna hatari: miezi inakuwa miaka, mtoto anakua bila kubatizwa jambo ambalo naona linakusumbua, na usharikani ukimya wako unaanza kuhesabiwa kuwa ndiyo.

Tarehe ya Septemba usiiogope sana. Ubatizo wa watoto hufanyika tena na tena katika mwaka, usharikani na parokiani. Mzee wa kanisa ametimiza wajibu wake kwa upole, na kwa upole huohuo unaweza kumjibu: "Mzee, nashukuru, naomba muda niongee na mwenzangu na mama." Ni mzee, anajua maana ya kuongea na mama.

Kabla ya Agosti ningeomba ufanye safari ya Songea, shule zikifungwa, umpeleke mtoto akaonwe na bibi yake. Simu imewashinda nyote wawili. Kaa naye jikoni umsimulie tangu mimba hadi mshono, umtajie wale wanawake mmoja mmoja. Usianze na kitabu cha washarika. Ukirudi, omba kuonana na paroko wa Hai, umweleze hata lile la benchi la nyuma, na siku nyingine umwone mchungaji, umuulize maswali yote ya rozari na ya marehemu baba bila kuyapunguza makali. Wote wawili wamezoea maswali kama haya, na hakuna sababu ya mmoja kufichwa kwamba umemwona mwenzake.

Halafu mumeo. Katika barua yako sauti yake nimeisikia mara moja tu, na ilikuwa ya mtu aliyechoka na usukani. "Fanya unavyoona" inaweza kuwa kukuamini, inaweza kuwa kukwepa, na inaweza kuwa hajui aseme nini kwa sababu naye hakuwapo ulipojifungua. Akija zamu hii, tengeni usiku mmoja ninyi wawili, mtoto akishalala, umuulize yeye angependa mtoto huyu alelewe katika imani ipi na kwa nini. Niandikie aliyosema, na uniambie mama alikupokeaje.